Namna ya Kuwashukuru Wanaojitolea katika Vikundi vya Waandishi

Kikundi cha waandishi hujulikana kwa waandishi wake: aliyesimama kusoma shairi, aliyetoa kitabu, aliyeshinda tuzo. Nyuma yao kuna watu ambao kazi yao ikifanywa vizuri haionekani kabisa. Yuko anayesoma miswada ya mchujo wa kwanza, anayepanga viti na kukagua kipaza sauti, anayesaka makosa ya chapa, anayetunza daftari la fedha, anayesuluhisha wanachama waliokwaruzana. Hawalipwi. Mara nyingi hushukuriwa kwa sentensi moja mwishoni mwa hafla, watu wakiwa wameshaanza kukusanya mikoba yao.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti, katibu au mratibu anayetaka kulifanya jambo hili sawasawa. Zawadi na hafla zinakuja baadaye sana. Kazi inaanzia kwenye karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi kabla ya kuorodhesha watu

Ukianza na majina utawakumbuka wale wanaosimama mbele tu. Anza na kazi. Chukua shughuli moja kubwa ya kikundi, kwa mfano kutoa mkusanyiko wa hadithi fupi, uifuate tangu tangazo la kwanza hadi siku ya uzinduzi. Andika kila tendo kwa mfuatano wake, hata lile la dakika tano. Kisha fanya hivyo hivyo kwa mkutano mmoja wa kawaida wa kusomeana kazi.

Chora jedwali la safu nne: kazi, aliyeifanya mara ya mwisho, saa alizotumia kwa makadirio, na fedha alizotoa mfukoni mwake. Usilijaze peke yako. Mpitishie kila mtu ajaze mstari wake, kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Ambaye hajawahi kusoma miswada sitini hudhani ni kazi ya jioni mbili.

Hebu tuipige hesabu hiyo. Hadithi 60 zenye maneno 3,000 kila moja ni maneno 180,000. Kwa kasi ya maneno 200 kwa dakika, kuzisoma tu ni dakika 900, yaani saa 15. Shindano la haki huhitaji kila hadithi isomwe na watu wawili, basi ni saa 30. Kila msomaji akitumia nusu saa kuandika maoni kwa kila hadithi, ongeza saa 60. Jumla ni saa 90. Wasomaji wakiwa wanne, kila mmoja ametoa saa 22 na nusu, karibu siku tatu nzima za kazi, na bado hatujataja mabishano ya kuchagua kumi bora.

Jedwali likikamilika, angalia kazi hizi hasa, maana ndizo zinazosahaulika karibu kila mahali: kuwaandikia waandishi ambao kazi zao hazikuchaguliwa (anayezituma barua hizo ndiye anayepokea matusi), kuhakikisha kazi iliyoletwa haikuibwa kwa mwingine, kutunza mafaili na nakala zake za akiba, kuandika kumbukumbu za vikao, kumtafuta mwanachama aliyepotea, na kukaa na mwandishi aliyevunjika moyo baada ya kazi yake kukosolewa. Hiyo ya mwisho haina jina wala cheo popote, lakini pasipokuwa na mtu wa kuifanya, wanachama wapya huja mara moja tu.

Hatua ya 2: Rudisha fedha zao kwanza

Safu ya nne ya jedwali ni deni, na deni halilipwi kwa shukrani. Nauli, bando la intaneti, wino, karatasi za kuchapia miswada, vyote hivyo vikitoka mfukoni mwa mtu vinatakiwa kurudi. Weka utaratibu mfupi: risiti au maelezo ya sentensi moja kwa mweka hazina, malipo ndani ya siku saba, na mtu asilazimike kuomba mara mbili. Anayeombwa asubiri hadi fedha zipatikane hatalalamika. Atapunguza tu kuja, nawe utadhani amechoka na uandishi.

Kikundi kikiwa hakina kitu, kiseme mapema, kabla mtu hajakubali kazi, na ugawaji wa kazi ufanywe ukilijua hilo. Anayekaa mbali asipewe kazi ya kufika kila wiki wakati zipo za kufanyia nyumbani.

Kosa moja baya kuliko yote hapa: kumwita mtu mbele ya watu, kumpigia makofi, kisha kumpa bahasha yenye nauli yake mwenyewe ya miezi mitatu kana kwamba ni zawadi. Marejesho yafanyike kimya kimya na mapema.

Hatua ya 3: Andika shukrani yenye jambo ndani yake

Shukrani nzuri ya maandishi ni ya sentensi tatu hadi tano. Ina mambo matatu: kitendo mahususi alichofanya, mahali au wakati alipokifanya, na kilichobadilika kwa sababu hiyo. Baada ya hapo weka nukta.

Linganisha hizi mbili (prufu ni nakala ya majaribio inayokaguliwa kabla ya kuchapa):

"Asante sana kwa mchango wako mkubwa na moyo wako wa kujitolea. Kikundi kinakuthamini."

"Asante kwa kusoma prufu za kurasa 140 katika siku kumi za mwisho. Uliona kwamba jina la mhusika mkuu wa hadithi ya saba limeandikwa kwa namna mbili, jambo ambalo mwandishi na mhariri hawakuliona. Kurasa hizo zilirekebishwa kabla ya kwenda kiwandani."

Ya kwanza inaweza kutumwa kwa yeyote, kwa hiyo haimfikii yeyote. Ya pili haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakuangalia kazi. Thamani yake ndiyo hiyo: inaonyesha kwamba kazi ilionekana.

Itume ndani ya siku mbili tangu kazi ilipomalizika. Ukichelewa, tuma hata hivyo, na usijaze nusu ya barua kwa kueleza kwa nini umechelewa.

Wapo wanaoona aibu kuandika mambo haya, wakidhani yatasikika kama kujipendekeza. Amit Kumar na Nicholas Epley walilichunguza hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2018: walioandika barua za shukrani walikadiria juu mno kiasi ambacho mpokeaji angeona soni, na walikadiria chini furaha ambayo angeipata. Walihangaika na uteuzi wa maneno, ilhali wapokeaji waliguswa zaidi na ukunjufu. Andika tu.

Utafiti mwingine unatugusa waandishi moja kwa moja, kwa kuwa ulihusu kutoa maoni juu ya maandishi ya mtu. Adam Grant na Francesca Gino, mwaka 2010, waliwaomba watu waisome na kuitolea maoni barua ya maombi ya kazi ya mwanafunzi. Baadaye mwanafunzi huyo aliomba msaada wa pili. Waliojibiwa tu kwamba maoni yao yamepokelewa, asilimia 32 walikubali kusaidia tena. Walioshukuriwa, asilimia 66 walikubali. Watafiti waliona kwamba kilichowasukuma zaidi si kujiona hodari, bali kuhisi kwamba wanathaminiwa.

Hata hivyo, usiigeuze takwimu hiyo kuwa chambo. Barua isemayo "Asante sana, na mwezi ujao tunakuhitaji tena kwa miswada arobaini" ni ombi lililovaa nguo za shukrani, na mpokeaji huliona hilo kabla hajamaliza kusoma. Acha angalau wiki moja kati ya shukrani na ombi jipya.

Jambo la nani aandike lina uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Barua ya mwenyekiti ni nzuri, lakini maneno ya mwandishi aliyesaidiwa yana nguvu zaidi. Waombe waandishi waliopokea maoni waandike sentensi mbili: ni dokezo gani walilitumia, na lilibadilisha nini kwenye kazi. Ikiwa usomaji ulifanywa kwa kufichana majina, mratibu ndiye apokee, aondoe majina na kila kinachoweza kumtambulisha mtu, ndipo apeleke. Na usipeleke chochote kabla ya matokeo kutangazwa. Shukrani iliyomfikia jaji wakati bado anatoa alama, hata ikiwa safi kama maji, itazua maneno. Aliyekataliwa kazi yake asilazimishwe kumshukuru mtu. Akitaka atafanya mwenyewe.

Hatua ya 4: Kutaja majina hadharani

Usitaje jina la mtu kabla ya kumuuliza maswali matatu: anataka kutajwa? Kwa jina gani? Linaandikwaje? Wengine hutumia jina la kalamu na hawataki lihusishwe na jina lao la kazini. Wasimamizi wa nidhamu ambao wamewahi kumtoa mtu kikundini pengine hawapendi kujulikana kabisa, na wana sababu. Mtu kama huyo mshukuru faraghani, kwa ukamilifu uleule.

Kwenye kitabu, tumia ukurasa wa shukrani au ukurasa wa taarifa za uchapishaji, na uandike kazi pamoja na jina: usomaji wa mchujo, uhariri wa lugha, usomaji wa prufu, usanifu wa kurasa, jalada, uratibu. "Na wengine wote waliotusaidia" ni shimo. Watu halisi hutumbukia humo. Panga majina kwa alfabeti ndani ya kila kazi. Ukiyapanga kwa umuhimu utaanzisha ugomvi ambao utahitaji mtu mwingine wa kujitolea kuusuluhisha.

Orodha ikaguliwe na watu wawili, mmoja akiilinganisha na jedwali la Hatua ya 1. Kisha wapelekee wote waliotajwa siku tatu kabla ya kwenda kuchapa. Siku hizo tatu hukamata makosa mengi kuliko jicho la mhariri, kwa sababu hakuna anayeliona kosa la tahajia kwenye jina kama mwenye jina.

Jina likisahaulika licha ya yote hayo, nenda kwa mhusika mwenyewe kwanza, kabla hujatangaza lolote. Toleo la kielektroniki lirekebishwe siku hiyo hiyo. Kwa nakala zilizochapwa, chapisha kikaratasi cha masahihisho na ukiingize katika kila nakala ambayo haijauzwa, na andika kwenye faili la kitabu kwamba jina liongezwe toleo likirudiwa. Usimwambie "lakini unajua tunakuthamini." Hajui, ndiyo maana mnazungumza.

Kwenye hafla, weka shukrani katikati ya ratiba, kabla ya usomaji unaosubiriwa na wengi. Dakika tano zinatosha watu sita ikiwa kila mmoja ana sentensi moja iliyoandikwa. Usimwachie mshereheshaji abuni papo hapo. Atasema "huyu ni mchapakazi" mara sita.

Hatua ya 5: Zawadi, vyeti na fedha

Fedha kidogo inaweza kuharibu kuliko kutotoa kitu. Uri Gneezy na Aldo Rustichini, katika utafiti wa mwaka 2000, waliwatazama wanafunzi waliokuwa wakichangisha fedha za hisani nyumba kwa nyumba. Walioahidiwa asilimia 1 ya makusanyo walikusanya kidogo kuliko waliofanya bure. Walioahidiwa asilimia 10 walikusanya zaidi ya wale wa asilimia 1, lakini hata wao hawakuwafikia wa bure. Kazi iliyokuwa ya moyo iliwekewa bei, na bei ikaonekana ndogo. Kwa hiyo chagua: lipa malipo ya maana yanayolingana na kazi, mkayaita malipo, au usilipe na ushukuru kwa njia nyingine.

Njia hizo nyingine si ngumu, kwa kuwa wengi wa hawa watu nao ni waandishi. Anayesoma kazi za wengine mwaka mzima mara nyingi ana mswada wake ambao hakuna aliyeusoma. Mpe usomaji kamili wa mhariri mwenye uzoefu, wenye maoni ya maandishi na saa moja ya mazungumzo. Mpe nafasi ya kusoma jukwaani. Mpe nakala za mkusanyiko sawasawa na wanazopewa waandishi waliomo. Mlipie kiingilio cha warsha ambayo angependa kuhudhuria. Kabla ya kuamua, muulize. Kuna anayetamani jukwaa na kuna anayeliogopa kama radi.

Kuna zawadi moja isiyotolewa kamwe: upendeleo katika uteuzi wa kazi. Msomaji akituma hadithi yake kwenye shindano ambalo analisoma, ama aondolewe katika usomaji wa kundi lile, ama hadithi yake isishindanishwe. Liamuliwe kabla ya tangazo kutoka, liandikwe kwenye masharti. Ukimlipa mtu kwa kumchapisha, umemnyima hata furaha ya kujua kama kazi yake ilistahili.

Cheti kinafaa iwapo kinasema kitu. Kiwe na jina kamili, kazi iliyofanywa, kipindi (mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza), makadirio ya saa, jina na sahihi ya anayekitoa, na njia ya kumpata kwa uthibitisho. "Amesoma na kutolea maoni hadithi fupi 30, Machi hadi Mei, saa 22" humsaidia mtu anayeomba kazi ya uhariri. "Kwa kutambua mchango wako adhimu" hufaa ukutani. Barua ya utambulisho ni bora zaidi. Ahidi kuiandika ndani ya wiki mbili ikiombwa, na weka kumbukumbu zako vizuri ili kiongozi ajaye aweze kuiandika hata wewe ukiwa umeondoka.

Vipi kuhusu tuzo za "mtu wa mwezi"? Zina nguvu, ila zina mahali pake. Wikipedia, ambako maandishi karibu yote ni ya kujitolea, wahariri hupeana nyota za pongezi. Michael Restivo na Arnout van de Rijt waliwapa nyota hizo, kwa kubahatisha, baadhi ya wahariri walio katika asilimia 1 ya wachapakazi zaidi. Katika utafiti wao wa mwaka 2012, uzalishaji wa waliopewa ulipanda kwa asilimia 60 katika siku 90 wakilinganishwa na ambao hawakupewa. Mtafiti Jana Gallus naye, mwaka 2017, alionyesha kwamba tuzo ndogo ya heshima kwa wahariri wapya wa Wikipedia ya Kijerumani iliongeza waliobaki kwa takriban asilimia 20. Tambua tofauti ya mazingira, lakini: huko ni jamii kubwa na tuzo zinaweza kuwa nyingi. Kikundi chenye wasaidizi kumi kikimchagua mmoja kila mwezi kimewaambia tisa kwamba hawakuchaguliwa, na baada ya miezi kumi kila mtu anajua ni zamu. Penye watu wachache, shukuru kila mmoja kwa kazi yake. Pongezi za namna ya nyota ziwaendee hasa wapya, ndani ya wiki zao za kwanza.

Hatua ya 6: Punguza mzigo

Hapa ndipo shukrani hupimwa. Mtu anayepigiwa makofi leo na kuongezewa kazi kesho amelipwa shukrani ya punda. Kosa lenyewe huanza kwa nia njema: fulani anafanya vizuri, basi apewe na hili. Mwaka haujaisha, ana kazi nne, na siku akiondoka zote nne zinaanguka pamoja.

Weka ukomo unaohesabika. Msomaji mmoja asipewe zaidi ya hadithi 15 kwa mzunguko, na awe na wiki tatu. Kila kazi iwe na watu wawili wanaoijua, ikiwemo nywila na mahali mafaili yalipo. Kila jukumu liwe na tarehe ya mwisho, miezi sita au mwaka, na tarehe hiyo ikifika muulize mhusika: unaendelea, unabadilisha kazi, au unapumzika? Uliza kwa namna ambayo jibu la tatu halihitaji maelezo. Anayeruhusiwa kupumzika hurudi. Anayelazimika kutoroka hupita njia nyingine akikuona.

Kazi mbili zinahitaji uangalizi wa pekee. Ya kwanza ni usomaji wa maandishi mazito: mauaji, ubakaji, kujiua. Waambie waandishi waweke onyo juu ya mswada, na msomaji aruhusiwe kuurudisha bila kueleza sababu. Ya pili ni usuluhishi. Asiwepo msuluhishi wa peke yake. Awe na mwenzake wa kushauriana naye, awe na kanuni zilizoandikwa za kujitetea nazo, na awe na saa ambazo hatajibu ujumbe wa mtu. Akitukanwa kwa kutekeleza kanuni za kikundi, uongozi ndio ujibu, siku hiyo hiyo. Kumwacha ajitetee mwenyewe kisha kumpa cheti Desemba ni dhihaka.

Ratiba

Usiweke kila kitu siku moja. Barua za Hatua ya 3 zifuate kazi, mwezi wowote. Marejesho ya fedha yafanyike ndani ya siku saba, kama ilivyo katika Hatua ya 2. Jedwali lipitiwe kila miezi mitatu, kwa nusu saa, likiwa na swali moja: nani ameongezewa kazi bila sisi kuamua? Kwa hafla ya mwaka, tarehe 5 Desemba ni chaguo zuri. Ndiyo Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Lakini ambaye hajasikia neno tangu Januari hatashangazwa na keki.

Anayeondoka

Mtu akiaga, panga makabidhiano ya saa moja au mbili: mafaili, nywila, kazi zilizokwama, mambo anayoyajua yeye tu. Muulize ni kipi kilimchosha na ni kipi angependa kingebadilishwa, uandike majibu bila kujitetea. Mpe cheti na barua yake siku hiyo, usingoje aombe. Aliyeondoka kwa hasira naye apewe, kwa maneno yaleyale ya ukweli kuhusu kazi aliyoifanya. Saa zake hazikufutika kwa sababu mliachana vibaya. Halafu badilisha nywila, futa jina lake kwenye safu ya pili ya jedwali na usiandike jina jipya hapo mpaka mwenye jina hilo awe amesikia saa za kazi hiyo na amekubali.